Miche Thelathini na Moja ya Vilua

Rayya mwanangu,

Usianze kuucheka mwandiko. Najua unafanana na njia ya siafu waliomwagiwa mafuta ya taa, lakini ni mwandiko wa mtu aliyeacha skuli darasa la nane na bado akakusomesha mpaka ukapata shahada ambayo yeye hata jina lake halitamki bila ya kujiuma ulimi. Babako huyu ndiye dereva wa boza, gari la tangi la maji, anayejulikana Amerat nzima hapa Maskati. Mlima ule wenzangu wanaupanda kwa kusoma dua, mie naupanda nikiimba. Mfereji ukikauka Al Khuwair, wakubwa na vyeo vyao wanakaa na sabuni machoni mpaka nifike mie. Cheka hilo basi. Mwandiko uache.

Ni baada ya alasiri. Uko chumbani na mamako mnapigana na zipu ya begi, nakusikieni mpaka huku. Kesho unaruka kwenda Doha, na ukishafika unaanza kazi kwenye hiyo ofisi ya bima. Mamako keshakwambia yote: dawa, komeo la mlango, usilale na njaa, usimjibu mtu usiyemjua. Mie huko sina la kuongeza. Nna jambo moja tu, na miaka minne nimekuwa nalizunguka kama gari lisilopata pa kuegesha.

Vile vilua vyako havikufa kwa mkono wako. Niliviua mie.

Sasa kaa kitako nikwambie vilikufaje, maana unastahili kujua kila kitu, si kichwa cha khabari tu.

Unazikumbuka mbegu. Bibi yako alikuja nazo kutoka Unguja, kazifunga kwenye pindo la kanga kama mtu aliyebeba lulu. Ulikuwa bado sekondari. Alikwambia, "Maskati nimepata kila kitu, mjukuu wangu. Nyumba nimepata, baridi ya umeme nimepata. Kilua sijakipata." Kwake yeye bibi harusi akivishwa kikuba, kile kishada cha kifuani cha rehani na asumini, bila ya ua la kilua ndani yake, hajavishwa kitu, kabandikwa mboga kifuani. Ukacheka, ukazichukua zile mbegu, ukasema utampandia. Na mie niliyekuwapo nikasema, "Kilua Maskati? Panda na theluji basi."

Ukapanda. Ulitoboa vikopo vya mtindi chini kwa msumari wa moto, ukavijaza mboji uliyoitengeneza mwenyewe juu ya dari, paa letu tambarare, kwenye lile pipa la buluu. Majani ya chai, maganda, makuti ya mtende uliyoyakatakata mpaka mikono ikatoka malengelenge, na samadi ya mbuzi wa jirani. Ulingoja miezi mpaka ile mboji ikawa nyeusi, baridi, inanukia udongo wa mvua. Nilikwambia, "Mtoto wa watu anapika uchafu miezi mitano, na biriani la saa mbili hajui." Ulikuwa huoni tabu nikikutania. Siku zile.

Nikakuuliza mbona vikopo vidogo hivyo. "Mpe mtoto nafasi ajinyooshe!"

"Baba, mche mdogo ukiutia chungu kikubwa unauzamisha," ukasema. "Mizizi yake midogo, haiwezi kuyanywa maji yote yale. Mboji inabaki rojo, hewa haipiti, mizizi inaoza. Kwanza kikopo. Mizizi ikichungulia tunduni, ndo nauhamishia chungu kilichozidi kidogo tu. Halafu tena. Hatua moja moja."

"Kama bibi harusi mwenye viatu vya kuazima."

"Hivyo hivyo, Baba."

Na maji hukuvitilia kwa juu. Ulikuwa unakinga maji ya kiyoyozi kwenye ndoo, yanatona tone tone usiku kucha, hayana chumvi hata chembe. Unayaacha yapoe au yapate joto la chumba, unayamimina kwenye sinia la bibi yako, unavipanga vikopo humo mpaka mboji inywe kutoka chini na juu yake iingie weusi. Halafu unavitoa, yaliyobaki unayamwaga. Nikakwambia mie maji ndo kazi yangu, nani anifundishe maji? Ukanijibu bila ya kuinua kichwa: "Wewe unayapeleka tu, Baba. Hujapata kuyatia mahala yanapotakiwa kidogo."

Nilicheka sana. Nilikwenda kuwahadithia watu. Lakini liliniuma, na mie kitu kikiniuma hukicheka. Hilo nilijifunza siku ya kwanza ya skuli hapa, nilipoletwa kutoka Unguja nna miaka tisa na neno moja la Kiarabu mdomoni. Wakanikalisha na watoto wa miaka sita. Goti langu lilikuwa haliingii chini ya meza. Walipoanza kunicheka nikacheka zaidi yao, nikajifanya mnyama, nikabweka, darasa zima likaanguka. Tokea siku hiyo hapana mtu aliyenicheka kabla sijaanza mwenyewe. Nilidhani nimepata silaha. Kumbe nimepata ugonjwa, na ugonjwa ule nikaja nao nyumbani, nikakuambukiza wewe.

Miche thelathini na moja. Baada ya mwaka na zaidi yote ilikuwa imefika shubiri moja, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ulikuwa ushaingia chuo Al Khoudh, unasoma kilimo, na mwalimu wako kakwambia ukiifikisha miche ile mwaka wa pili ataiweka kwenye nyumba ya mimea ya chuo iwe kazi yako ya kuhitimu. Ulinambia habari hiyo umesimama mlangoni na mkoba bado begani. Sijakuona na uso ule tena.

Chumba chako hakipati jua la kutosha, ukanunua ile taa ya rangi ya zambarau. Ikawaka dirishani toka magharibi mpaka saa nne za usiku, mtaa mzima unaiona.

Na mie, Rayya, mdomo wangu. Tuko barazani kwa Khalfan, yule jirani wa mbele, kahawa inazunguka, kila mtu anamsifu mwanawe. Huyu wake rubani, huyu wake daktari wa meno. Nikasema, "Nyie watoto wenu wana vyeti. Binti yangu ana msitu chumbani. Ana majani yale, wallahi ukiyanusa mara moja kichwa kinazunguka mpaka kesho!" Watu wakacheka. Nami nikaenda nyumbani nimevimba kama andazi.

Siku tatu baadaye Khalfan kanivuta kando nje ya msikiti.

"Nassor, ndugu yangu. Ile taa ya chumba cha binti yako."

"Ina nini?"

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Kaangalia kulia, kaangalia kushoto, kanisogelea sikioni. "Bangi."

Nchi hii neno hilo halichezewi, unajua. Likitua kwenye sikio lisilofaa gari linakuja mlangoni, na hata wakikuta rehani, jina la mtoto wa kike limeshaburuzwa. Nilipata baridi mgongoni na jua la Juni liko utosini. Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angemshika Khalfan mkono, akampandisha ghorofani, akamwambia tizama, vilua hivi, nenda kawaambie. Au angekungoja wewe. Ulikuwa Al Khoudh kwa rafiki yako, siku nne za mitihani. Siku nne tu!

Babako hakungoja. Babako alitaka tamasha. Nilisema moyoni, nitawaita wote, nitawakalisha majlisi, niwaoneshe, wafunge midomo yao. Lakini nitawaoneshaje watu wazima miche ndani ya vikopo vya mtindi? Watacheka. Nikenda nikanunua vyungu sita, vile vikubwa vya kung'aa vya kuwekwa mlangoni mwa hoteli, virefu vinanifika kiunoni. Sikuangalia chini kama vina tundu. Havikuwa na tundu, Rayya. Hata kimoja.

Nikapanda darini kuchukua mboji. Pipa lenye mboji iliyoiva lilinitosha vyungu viwili, basi nikachota na lile la pili, lile uliloandika kwa chokaa "Bado". Nilitia mkono ndani nikaona joto, nikasema vizuri, mbolea ina nguvu. Nikaing'oa miche yako vikoponi, mingine kwa kuivuta shingo, nikaipanda mitano mitano, chungu kimoja sita. Saa saba ya mchana. Nikaona majani yamelegea kidogo kwa safari, nikasema hii ina kiu. Nikafungua mpira wa tangi la darini.

Unayajua maji ya tangi letu mwezi wa Juni. Sisi wenyewe tukitaka kuoga huzima hita tukasubiri. Mie ndo huwaonya wateja wangu wasimkogeshe mtoto mchanga kwa maji ya mchana! Nikayafungulia juu, yakamwagika mpaka yakafika ukingoni, na moshi nikauona, naapa niliuona. Bibi yako alikuwa mlangoni na fimbo yake. Akasema, "Nassor, unavitilia maji au unavipika?"

Nikamwambia, "Mama, nenda kapumzike."

Wakaja jioni. Kahawa, halwa, mie nimevaa kanzu mpya. Khalfan kachuma jani, kalifikicha, kanusa. "Majani ya kawaida haya," akasema. Nikapiga kelele, "Si ya kawaida! Vilua hivi, vya mama yangu!" Wakacheka, wakaomba msamaha, wakala halwa yote. Nikashinda. Jina lako nililisafisha mbele ya watu, hilo ni kweli na sitaki unipunguzie. Ila ningelisafisha kwa dakika tano na vikopo vyako vikabaki mahala pake.

Uliporudi siku ya tatu yake, miche ilikuwa imeinama yote upande mmoja. Ulisimama majlisi hukuvua hata viatu. Hukunifokea. Laiti ungenifokea. Uliuliza tu, "Baba, imekuwaje?"

Na hapa ndipo nilipokuua wewe pia. Nikasema, "Nilivikuta vinakufa chumbani, mwanangu. Nikavihamisha nivinusuru."

Ukaniuliza maji gani. Nikasema ya kiyoyozi, kama ulivyofanya wewe.

Ukaniamini. Mbona usiniamini? Mie babako.

Wiki mbili ulihangaika. Ulikesha, ulisoma, ulimpigia mwalimu. Ulimwaga chungu kimoja baada ya kimoja kwenye ua, nami niliona mizizi ile mkononi mwako, ya kahawia, laini kama tambi zilizopita kiasi, harufu ya bomba la jikoni. Chini ya chungu kulikuwa na dimbwi. Ukasema, "Baba, havina tundu," nikasema, "Nilikuwa na haraka ya kuokoa, mama." Ukavuta chungu kingine. Ulipofika mche wa thelathini na moja uliukata shina kwa ukucha, ukaangalia ndani kama kuna kijani. Hapakuwa na kitu.

Baada ya Idi ukaja kunambia umebadilisha masomo. Biashara. Ukasema, "Mie si mtu wa mimea, Baba." Na mie nilikuwa na sekunde moja, Rayya. Sekunde moja ya kusema kweli. Ndo nikasema, "Nilijua."

Maneno yote ya uwongo niliyosema maishani, na ni mengi, nimeshayasahau. Hilo moja nalisikia kila nikiwasha gari.

Halafu nikalifanya kichekesho. Ndo ada yangu, kinachoniuma hukicheka. Ukipita mbele ya ua la mtu nasema, "Msimsogeze Rayya, ua litazikwa!" Wageni wakija, "Huyu binti yangu anaua hata majani ya plastiki." Nyumba nzima wakajifunza. Ukawa unacheka na wewe. Mpaka harusi ya binti wa shangazi yako mwaka jana, walipokupa kikuba ukishike kidogo, ukasema mwenyewe kabla hajasema mtu: "Mnanipa mie? Kitanyauka!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilikuwa mlangoni nikileta maji ya kunywa. Nikauona uso wako. Ulikuwa unabweka, mwanangu. Ule ule mbweko wangu wa miaka tisa, chini ya meza ya watoto wa miaka sita.

Bado sikusema. Bibi yako alinambia siku ile ile, tukirudi garini, "Mie sitamwambia. Kinywa kilichofunga ndicho kitakachofungua. Lakini usife nacho." Nikamjibu kwa mzaha. Hakucheka.

Kilichonitoa mafichoni ni boksi. Jana ulinambia, "Baba, hili litupe tu, takataka." Nikalibeba mpaka kwenye jaa, nikalifungua, maana mie situpi kitu sijakipekua, unanijua. Mlikuwa na vikopo vya mtindi, vimeoshwa, vimepangwa kimoja ndani ya kimoja. Na daftari. Kiarabu chako kizuri, mie nasoma polepole kama mtu anayevuka mto wa wadi kwa mawe, lakini nilisoma. Ukurasa wa mwisho uliandika makosa yako. Labda taa ilikuwa karibu mno. Labda mboji ilikuwa na chumvi. Labda nilikwenda kulala kwa rafiki yangu wakati ilikuwa inanihitaji. Labda Baba alichelewa kuniambia kwa kuwa hakutaka kunivuruga mitihani.

Kwa hiyo ya mwisho nilikaa chini pale pale jaani. Ulinitafutia udhuru. Umejichongea kosa juu ya kosa, na mie umenipamba.

Usidhani sasa nitakwambia binadamu ni kama mche, kila mtu na chungu chake, na mambo hayo ya mawaidha ya redioni. Binadamu si mche. Mche ukiumwagia maji ya moto unakufa, basi. Haukai miaka minne unajiuliza umekosa nini. Na wala sikuandikii uache kazi yako uende ukapande miti. Bima ni kazi ya halali, na wewe una kichwa. Huko Doha watakuona. Labda hata bila ya mie ungeishia huko huko. Lakini ungechagua. Mie nilikupokonya kuchagua, halafu nikakusifia barazani kwa kukichagua nilichokuachia.

Nnalo neno moja tu la kukupa, na limenigharimu wewe. Mtu akikwambia hujui kitu, hata awe nani, hata awe mie, khasa awe mie, usianze na kujipekua mifuko. Muulize kwanza: siku ile wewe ulikuwa wapi? Ungeniuliza hivyo mara moja tu, na macho yako yale, ningeanguka. Hukuniuliza kwa sababu ulinipenda. Na mie nikaitumia.

Mikono yako ilikuwa mizuri. Ulitoa vilua thelathini na moja Amerat, mahala ambapo hata mchicha unaomba viza. Hapana mtu niliyepata kumwona akifanya hivyo, na najua watu wengi, usinibishie.

Ningeweza kuitia barua hii ndani ya begi lako uikute Doha, bahari iko baina yetu, nawe huna pa kunitupia kitu. Nilifikiri hivyo, si uwongo. Nimeamua naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, kabla ya magharibi, ili uisome nikiwa hapa hapa ukumbini na ukitaka kutoka unikute.

Mamako nimemwambia kabla ya kuandika. Kanipa mgongo, kaja kwako kupanga begi. Kakako Said nimemwomba aje asubuhi na gari lake, sikumwambia kwa nini. Kwa hivyo kesho yatakuwa magari mawili mlangoni, langu na lake, na njia ya uwanja wa ndege ni ile ile moja. Mabegi yako sitayagusa. Nitakuwa nimekaa kwenye usukani, nimetazama mbele. Ukenda kwa Said sitateremka, sitapiga honi, sitasema mzaha wowote.

Babako,
Nassor